Wingu likizima: ya kupanga kabla, si siku ile

Tarehe 20 Oktoba 2025 rekodi moja ya DNS ilibaki tupu, na watu katika nchi nyingi wakakuta programu zao hazifunguki. Rekodi hiyo ilikuwa ya DynamoDB, hifadhidata ya Amazon Web Services, kampuni ya wingu, yaani inayokodisha kompyuta na hifadhi kupitia intaneti, katika kanda (eneo lenye vituo vya data) iitwayo us-east-1, kaskazini mwa jimbo la Virginia, Marekani. Kazi ya DNS ni kugeuza jina kuwa anwani ya namba ambayo kompyuta inaweza kuifuata. Jina likikosa anwani, programu huita na isipate wa kuitika. Seva zilikuwa nzima, umeme ulikuwapo, data ilikuwa mahali pake. Kilichokatika ni njia ya kuzifikia. Signal, Snapchat, Fortnite na huduma za baadhi ya benki za Uingereza zilitikisika zote kwa kosa hilo moja.

Maelezo ambayo Amazon iliyatoa baadaye yanastahili kusomwa taratibu, kwa sababu yanaonyesha jinsi mfumo uliojengwa kwa uangalifu unavyoweza kujiangusha wenyewe. Programu moja hupanga anwani zipi zitumike. Programu nyingine tatu, kila moja ikifanya kazi kivyake ili moja ikikwama kazi isisimame, huchukua mpango huo na kuuandika kwenye DNS. Siku hiyo mojawapo ilichelewa mno ikiwa bado imeshika mpango wa zamani. Wakati inajikongoja, nyingine iliandika mpango mpya, kisha ikaanza kufagia mipango iliyopitwa na wakati. Ile iliyochelewa ikafika na kuufunika mpango mpya kwa ule wa zamani. Hapohapo ufagio ukaukuta huo wa zamani na kuufuta. Anwani zote zikaondoka, na mfumo ukabaki katika hali ambayo haukuweza kujitoa mpaka wahandisi walipoingilia kwa mkono.

Rekodi ya DNS ilirudishwa kabla saa tatu hazijaisha. Lakini huduma ya kuwasha seva mpya ilichukua takriban saa 14 tangu tatizo lianze hadi kutengemaa. Mfumo unaosimamia mashine ulikuwa umepoteza mawasiliano na mashine zake wakati DynamoDB haipatikani. Iliporudi, ukajaribu kuyarejesha yote kwa mpigo. Kazi zikarundikana kupita uwezo, muda wa kila kazi ukaisha kabla haijakamilika, nayo ikarudishwa kwenye foleni kuanza upya. Hili ndilo wafanyabiashara wengi hawalihesabu: hitilafu ikishaondolewa, bado kuna mrundikano wa kuumaliza, na mara nyingi mrundikano huchukua muda mrefu kuliko hitilafu yenyewe.

Mwezi uliofuata, tarehe 18 Novemba 2025, ikawa zamu ya Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi hupitisha mawasiliano yao kwake. Mabadiliko ya ruhusa kwenye hifadhidata yao yalifanya ombi moja la data lirudishe mistari iliyojirudia, faili inayosaidia kutambua roboti ikakua mara mbili, na programu inayolisoma ikaanguka kwa sababu ilikuwa imewekewa kikomo cha vipengele 200. Faili hilo lilitengenezwa upya kila dakika tano na kusambazwa kwenye mtandao wao wote. Kwa kuwa sehemu tu ya hifadhidata ilikuwa imeshapata mabadiliko, mara lilitoka faili sahihi, mara bovu. Huduma ikawa inarudi na kuanguka tena. Wahandisi walidhani wanashambuliwa. Zaidi ya hapo, ukurasa wa kutangazia hali ya huduma, ambao haukai hata kwenye mtandao wa Cloudflare, nao ulizima kwa nasibu tu, dhana ya shambulio ikazidi nguvu.

Na kabla ya hayo kulikuwa na CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, tarehe 19 Julai 2024. Faili la sasisho la programu yake lilitarajia taarifa 21, programu ikatoa 20. Iliposoma ya 21 ikagusa kumbukumbu isiyo yake. Kwa kuwa programu hiyo hukaa ndani kabisa ya kiini cha Windows, kompyuta nzima iliangukia skrini ya bluu na kila ikiwashwa ikaanguka tena. Microsoft ilikadiria mashine milioni 8.5, ambazo ni chini ya asilimia moja ya mashine zote za Windows. Asilimia hiyo ndogo ilitosha kusimamisha safari za ndege, kuitoa Sky News hewani na kuzuia madaktari wengi wa Uingereza wasione kumbukumbu za wagonjwa, kwa sababu programu hii huwekwa hasa na taasisi kubwa ambazo jamii nzima inazitegemea. Sasisho bovu liliondolewa baada ya dakika 78 tu. Nyingi ya mashine zilizokwisha kulipokea zilihitaji mtu azifikie moja moja.

Matukio haya matatu yana umbo moja. Badiliko dogo linasambazwa na mfumo wa kujiendesha, linafika kila mahali kabla binadamu hajaliona, na linawakuta watu wasiojua kabisa kwamba walikuwa wanalitegemea. Amazon, Microsoft na Google peke yao wanashika zaidi ya nusu ya soko la huduma za wingu duniani. Sisemi watu warudishe seva chini ya meza. Seva ya ofisini huzima mara nyingi zaidi na hukosa mtu wa kuiamsha usiku wa manane. Ninachosema ni kwamba mtoa huduma atarekebisha kwake, lakini saa zinazopita hapo katikati ni zako wewe, na zinahitaji mpango wako wewe.

Anza na orodha, wala usianze na kununua

Chukua karatasi. Andika kazi ambazo zikisimama biashara inasimama: kuuza, kupokea malipo, kujibu wateja, kulipa mishahara, kutoa mzigo ghalani. Mbele ya kila kazi andika inachokitegemea: programu gani, inakaa kwa nani, mtu anaingiaje, ujumbe wa kuthibitisha unapitia wapi, domeni (jina la tovuti yako) imesajiliwa kwa nani. Kisha shuka ngazi ya pili: huyo mtoa huduma naye anamtegemea nani? Wengi hutaja hadharani wanakohifadhi data. Wengine watakuambia ukiuliza kwa maandishi.

Utegemezi unaouma hujificha sehemu tatu. Ya kwanza ni kuingia. Unaweza kuwa na barua pepe kwa kampuni moja, hesabu kwa nyingine na duka kwa ya tatu, lakini zote unaziingia kwa akaunti moja ya Google au Microsoft. Hiyo ikizima, vitatu vimezima. Weka angalau akaunti moja ya msimamizi kwenye kila mfumo yenye nywila yake na kifaa chake cha uthibitisho, isiyopitia huko, na uifungie mahali salama. Sehemu ya pili ni DNS na domeni. Ya tatu ni kanda: Amazon ina kanda nyingi duniani, lakini baadhi ya kazi za huduma zake za kidunia, kama kubadilisha ruhusa za watumiaji, huegemea us-east-1. Aliyeweka seva zake Ulaya aliweza kuguswa na tatizo la Virginia bila kutarajia.

Orodha ikikamilika, weka namba mbili mbele ya kila kazi. Ya kwanza: inaweza kukaa muda gani bila kufanya kazi kabla hasara haijawa kubwa? Ya pili: unaweza kuvumilia kupoteza data ya muda gani? Kama bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, huchukuliwa saa 8 usiku na mfumo ukaharibika saa 11 jioni, umepoteza kazi ya saa 15. Kwa tovuti ya matangazo si kitu. Kwa daftari la malipo ni balaa. Namba hizi mbili ndizo zitakazokuambia utumie pesa wapi, na ukizikosa utanunua ulinzi wa gharama kwa kitu ambacho kingeweza kungoja hadi kesho.

Bakapu iliyo mikononi mwa mtu yuleyule

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko kukatika kwa saa chache. Huduma iliyokatika hurudi. Data iliyofutwa hairudi.

Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua. Jengo la SBG2 liliteketea kabisa. Waliokuwa na nakala katika eneo lilelile walipoteza data na nakala pamoja. Septemba 2025 moto wa betri za lithiamu kwenye kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini, ulisimamisha mifumo zaidi ya 600 na kuteketeza hifadhi ya faili za watumishi wa umma yenye terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala ya nje. Na Mei 2024 mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulifutiwa mfumo wake kwenye Google Cloud kwa sababu kipengele kimoja kiliachwa wazi wakati wa kuuandaa. Mfumo ukajipa muda wa mwaka mmoja, na mwaka ulipokwisha ukajifuta. UniSuper walikuwa wamejigawa katika maeneo mawili. Usajili ulipofutika, ukafuta kote kuwili. Kilichowaokoa ni bakapu, zikiwemo zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine.

Kanuni ya zamani ya 3-2-1 bado inafaa: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Ningeongeza sharti moja ambalo leo ni la lazima: nakala mojawapo isiweze kufutwa na akaunti inayoendesha mfumo mkuu. Maana yake ni akaunti tofauti, nywila tofauti, kadi ya malipo tofauti, na ikiwezekana hifadhi inayokataa kufuta chochote kabla ya siku ulizoweka, tuseme 30. Sharti hilohilo hukinga dhidi ya wahalifu wanaofunga data kwa ajili ya fidia, kwani mara nyingi huanza kwa kufuta bakapu. Na kuoanisha faili kati ya kompyuta na wingu si bakapu: ukifuta huku, kule nako kunafutika baada ya sekunde chache.

Halafu irejeshe. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa huwezi kujua kama ni nakala. Chukua mashine tupu, rudisha mfumo mzima, pima muda kwa saa. Mambo yanayokwamisha ni yaleyale: hifadhidata imo lakini picha na viambatisho havimo, faili limefungwa kwa nywila ambayo ipo ndani ya mfumo ulioanguka, toleo la hifadhidata kwenye mashine mpya halilingani, au intaneti ni ndogo. Hilo la mwisho unaweza kulihesabu sasa hivi. Terabaiti 2 kwenye mstari wa megabiti 100 kwa sekunde ni sekunde 160,000, yaani zaidi ya saa 44, endapo mstari unatoa uwezo wake wote bila kukatika. Ikiwa uliandika kwamba kazi hiyo haiwezi kusimama zaidi ya saa nne, tayari unajua mpango haufai: weka nakala karibu zaidi, au tenganisha data ya leo na ya miaka iliyopita ili ya leo irudi kwanza.

Funguo, namba za simu na DNS

Siku ya CrowdStrike dawa ilikuwa fupi: washa Windows katika hali salama, ingia C:\Windows\System32\drivers\CrowdStrike, futa faili linaloanza na C-00000291, washa upya. Kilichowakwamisha wengi ni BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo. Diski iliyofungwa huomba ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na funguo hizo zilikuwa kwenye seva ambayo nayo ilikuwa imeanguka. Toa nakala ya funguo zote, ihifadhi nje ya mtandao, na irudie kila mashine mpya inapoingia.

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea kwa takriban saa sita baada ya amri ya matengenezo kukata uti wa mgongo wa mtandao wao, na seva zao za DNS zikajiondoa zenyewe kwenye ramani ya intaneti. Zana za ndani za wahandisi zilikuwa zinapita kwenye mtandao uleule, kwa hiyo ilibidi watu waende vituoni kwa miguu yao. Biashara ndogo inayopokea oda zote kwa WhatsApp ilikuwa imefungwa siku hiyo, hata kama mzigo ulikuwa umejaa. Chapisha orodha ya namba za simu za wafanyakazi, wasambazaji na wateja wakubwa. Kuwa na njia ya pili ya kuwafikia wateja, barua pepe au SMS, na wajulishwe mapema kwamba njia hiyo ipo. Ukurasa wako wa kutangaza hali ya huduma usikae kwa mtoa huduma anayebeba tovuti yako.

Kuhusu DNS, sajili domeni kwa kampuni tofauti na inayobeba tovuti. Angalia muda ambao rekodi zako hukumbukwa. Ukiwa sekunde 86400, baadhi ya watu wataendelea kupelekwa kwenye anwani ya zamani hadi saa 24 baada ya wewe kubadilisha. Sekunde 300 ni dakika tano. Ushushe siku za amani, kwa sababu kuushusha wakati wa tatizo hakuwasaidii waliokwisha kuichukua rekodi ya zamani. Kuhamisha seva za majina zenyewe, yaani zile zinazotoa majibu ya DNS ya domeni yako, ni polepole zaidi: kwa .com, kumbukumbu hiyo hudumu hadi saa 48.

Saa zenyewe, na saa zinazofuata

Mauzo kwa mkono yanawezekana kama daftari lipo tayari. Risiti zenye namba zinazofuatana, bei zilizochapishwa wiki hii, na mtu mmoja anayejua kwamba yeye ndiye anayetangaza kuhamia karatasi. Weka kiwango: ikipita dakika 20 bila mfumo, tunahamia. Bila kiwango watu hukaa wakibonyeza kitufe kilekile saa nzima. Namba ya kadi ya mteja, na zile tarakimu tatu za nyuma, zisiandikwe kwenye daftari kamwe.

Uharibifu mwingi wa hesabu hutokea mfumo unaporudi. Mteja aliyebonyeza "lipa" mara tatu anakatwa mara tatu. Risiti za mkono zinaingizwa na watu wawili. Oda zilizokuwa kwenye foleni zinaingia kwa mkupuo pamoja na zile zilizokwisha kutolewa. Kila muamala uwe na namba yake ya kipekee inayotengenezwa kabla ya kutumwa, na mfumo ukatae namba iliyokwisha kupokelewa. Kwa daftari la mkono, mtu mmoja anaingiza, mwingine anapiga mstari kwenye namba iliyoingia. Linganisha na taarifa ya benki kabla ya kuendelea na siku mpya.

Wanaoandika programu wana sehemu yao. Programu ikishindwa kufikia huduma isirudie papo hapo bila kikomo, maana maelfu wakifanya hivyo ndiyo wanaoirudisha chini huduma inayojaribu kusimama. Ingoje sekunde 1, kisha 2, 4, 8, hadi kikomo cha 60, na kila mara iongeze sekunde chache za bahati nasibu ili mashine zote zisigonge kwa wakati mmoja. Na kila ombi liwe na muda wa kukata tamaa. Ombi linalongoja bila mwisho hushikilia nafasi mpaka seva yako mwenyewe inajaa.

Kuhusu masasisho, usikubali yaingie kwenye mashine zote kwa siku moja. Tenga chache zisizo muhimu zipokee kwanza, nyingine zifuate baada ya siku moja au mbili. Lakini uliza vizuri kile unachokidhibiti. Wateja wa CrowdStrike waliokuwa wamechagua kubaki toleo moja nyuma waliangukiwa vilevile, kwa sababu mpangilio huo ulihusu programu yenyewe, si mafaili ya maudhui yaliyotumwa mara kwa mara. Baada ya tukio ndipo kampuni ikawapa wateja udhibiti wa hayo pia.

Mkataba unalipa nini hasa

Ahadi ya asilimia 99.9 inaruhusu dakika 43 za kuzima kwa mwezi wa siku 30. Asilimia 99.99 ni kama dakika 4. Soma kinachofuata ahadi ikivunjwa: kwa kawaida ni punguzo la sehemu ya bili ya huduma hiyo, wala si fidia ya mauzo uliyokosa, na mara nyingi lazima ulidai mwenyewe ndani ya muda uliowekwa. Shirika la ndege la Delta lilisema tukio la CrowdStrike liliwagharimu takriban dola milioni 500. Hakuna punguzo la bili linalokaribia hapo. Bima ya majanga ya mtandao nayo huwa na saa za kungoja kabla haijaanza kulipa, mara nyingi kati ya 8 na 12, kwa hiyo hitilafu ya saa tano ni yako peke yako. Uliza pia kama inahusu hitilafu ya mtoa huduma au mashambulizi tu.

Serikali zimeanza kuingilia. Tangu 17 Januari 2025 sheria ya DORA ya Umoja wa Ulaya inazitaka benki na kampuni za bima zijue zinawategemea nani na zifanye majaribio ya kuhimili hitilafu. Sheria nyingine ya Umoja huo, ya data, iliyoanza kutumika 12 Septemba 2025, inalazimisha watoa huduma za wingu wamrahisishie mteja kuhama, na kuanzia 12 Januari 2027 hawaruhusiwi kumtoza ada ya kuhama. Naona hatua hii ya pili ina uzito kuliko inavyosemwa, kwani ada ya kutoa data imewafunga wengi mahali wasipopataka.

Watu wengi huuliza kama wanapaswa kuendesha mifumo yao kwenye mawingu mawili kwa wakati mmoja. Kwa kampuni nyingi jibu langu ni hapana. Gharama inaongezeka sana, wataalamu wanagawanyika, na ule mfumo wa kuhamisha kazi kutoka huku kwenda kule unakuwa chanzo kipya cha hitilafu. Nakala huru, karatasi tayari, na njia ya pili kwa kazi tatu zilizo juu ya orodha vinatosha kwa wengi.

Fanya zoezi la saa mbili mara mbili kwa mwaka, siku yenye shughuli chache. Mtu mmoja anatangaza huduma fulani imezima, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Wengine wauze, wapokee malipo na wajibu wateja kwa mpango ulioandikwa, huku fundi akirejesha nakala kwenye mashine tupu. Yatakayojitokeza ni ya kawaida: kitabu cha risiti kimeisha, namba ya simu ni ya mfanyakazi aliyeondoka, akaunti ya dharura inatuma ujumbe wa kuthibitisha kwenye simu iliyopotea. Kila kasoro ipewe mtu na tarehe ya kuirekebisha, na orodha ichapishwe upya wiki hiyohiyo.